KIPAZA SAUTI NI KIPI? UHAKIKI WA ISTILAHI ZA UFUNDI WA VYOMBO VYA SAUTI

Utangulizi

Waswahili husema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii ni ya watu wa pwani, waliojua kuwa mashua haianguki kutoka mbinguni, bali hutoka katika mikono ya fundi mwenye shoka na tezo. Pale Kunduchi, kaskazini ya jiji la Dar es Salaam, methali hii ingali na maana yake ya asili, kwani wavuvi wangali wapo na ngalawa zao zingali ufukoni. Lakini katika mitaa iyo hiyo, tangu Mtongani hadi kuelekea Tegeta, pana vyombo vya namna nyingine vinavyoundwa barazani na katika vyumba vya uani. Hawa ni watu wanaoshinda Jumamosi na Jumapili wakiunga waya, wakipasua mbao za makasha, wakitoa transfoma katika redio iliyokufa na kuitia katika nyingine, ili wapate muziki wenye sauti safi kuliko ule unaouzwa dukani. Baadhi yao ni mafundi wanaolipwa. Wengine ni walimu, makarani na madereva ambao hawatafuti fedha katika kazi hiyo, bali wanaipenda tu.

Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi za ufundi huo. Hatukusudii kumfundisha msomaji elimu ya umeme, ingawa itatubidi tuiguse. Twataka kuuliza swali moja: je, maneno tuliyoyasanifu na tunayoyatumia katika tafsiri, katika mafunzo na katika sheria, yanaitosha kazi hii? Jibu letu ni kwamba baadhi yanatosha, baadhi yanapwaya, na moja miongoni mwayo, yaani kipaza sauti, limekuwa mzigo kwa kila anayelitumia kwa makini.

Huenda msomaji akaona kuwa jambo hili ni dogo, kwamba ni mchezo wa watu wachache wapendao muziki. Sivyo. Umeme unaoingia katika nyumba zetu ni wa volti 230, nao hauchagui kati ya fundi wa kulipwa na mtu ajifurahishaye. Tena, tangu mwaka 2015 tunazo kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Na tangu Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini. Maana yake ni kwamba neno lililokuwa la barazani jana, leo laweza kusimama mahakamani. Likisimama huko halina budi kuwa na maana moja.

Historia kwa ufupi

Kiswahili hakikuanza leo kutafuta majina ya vyombo vya sauti. Siti binti Saad aliporekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928, watu wa pwani walikuwa wamekwisha kuipa sahani ile jina la santuri, jina ambalo asili yake ni ala ya nyuzi ya Mashariki. Halikuundwa na kamati yoyote. Watu walisikia muziki ukitoka katika chombo, wakakipa chombo jina la muziki waliokuwa wakiujua. Ilipoanza Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951, ambayo mwaka 1965 ilikuja kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, neno sauti lilipata maana mpya, ya kituo cha utangazaji. Kanda nayo, ambayo ni ukanda mwembamba wa kitu chochote, ikawa kitu cha kuhifadhia nyimbo na hotuba; na chombo cha kuzihifadhia kikaitwa kinasa sauti. Hili lilikuwa neno zuri, maana kunasa ni kazi ya ulimbo na mtego, na sauti kweli ni ndege asiyeshikika.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na kuanzia miaka ya 1970 likatoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili nayo ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, kisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kazi hizo ni msingi ambao hatuna haki ya kuudharau.

Lakini yafaa tukumbuke kwamba katika miaka iyo hiyo palikuwa na kazi nyingine ya lugha iliyokuwa ikifanyika pasipo kamati. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa za kigeni ziliadimika nchini. Redio iliyoharibika haikutupwa. Ilifunguliwa, ikachunguzwa, ikatengenezwa kwa kipuri cha redio nyingine. Mafundi waliofanya kazi hiyo hawakungoja orodha ya istilahi. Na ulipozuka muziki wa mchiriku katika viunga vya Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990, vikundi kama Jagwa Music vilichukua vinanda vidogo vya Casio, vikavipitisha katika vikuza sauti vikuukuu na spika za tarumbeta, vikapata mlio wao wenyewe uliokuja kusikika hadi Ulaya. Singeli imefuata njia hiyo. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya istilahi za sauti katika jiji hili, tunazungumza juu ya ujuzi wenye historia ya nusu karne.

Neno "kipaza sauti"

Sasa tuingie katika kiini cha uhakiki wetu. Chukua mkutano wa hadhara. Mzungumzaji ameshika chombo mbele ya kinywa chake. Juu ya mnazi limefungwa tarumbeta la bati. Kati ya viwili hivyo, chini ya meza, pana sanduku lenye taa nyekundu ambalo hakuna anayelitazama. Mtu wa kwanza atasema kuwa mzungumzaji ameshika kipaza sauti. Mtu wa pili atasema kipaza sauti kimefungwa juu ya mnazi. Wote wawili wanasema Kiswahili sanifu, na magazeti yetu yanawaunga mkono wote wawili.

Tukilirudia neno lenyewe, kupaza ni kuinua, kufanya kiwe juu zaidi. Je, ni chombo kipi kinachopaza? Kile cha kinywani hakipazi kitu. Kazi yake ni kugeuza mtetemo wa hewa kuwa mkondo wa umeme, tena mkondo mdogo sana, dhaifu kuliko sauti iliyouzaa. Kile cha mnazini nacho hakipazi. Kinapokea umeme na kuurudisha kuwa mtetemo wa hewa, na sehemu kubwa ya umeme huo hupotea njiani ikawa joto. Chombo pekee kipazacho ni lile sanduku lililo chini ya meza, ambalo huuchukua mkondo dhaifu na kuupa nguvu mara mamia au maelfu. Hivyo basi kipaza sauti halisi ndicho kilichonyimwa jina hilo, nalo jina likapewa viungo vyake viwili kwa sababu vinaonekana.

Hatuwalaumu waliolianzisha neno hili. Walilitazama tukio zima, na tukio zima ni la kupaza sauti. Tena pana jambo ambalo kila fundi wa Kunduchi alijua nasi twalikubali: chombo cha kinywani na chombo cha mnazini ni ndugu wa damu. Katika aina zilizo za kawaida, vyote vina utando mwembamba, koili ya waya na sumaku. Ukitikisa utando, koili hutoa umeme. Ukiitia koili umeme, utando hutikisika. Spika ndogo ya redio yaweza kugeuzwa ikasikiliza badala ya kusema, na wapo mafundi wanaofanya hivyo. Lakini undugu hauondoi haja ya majina. Watoto pacha huzaliwa siku moja, na bado kila mmoja huitwa jina lake.

Tutoe mfano wa kuonyesha ubaya wa jambo hili. Tuseme mtafsiri amepewa maelezo ya kutumia chombo cha sauti, na humo mna onyo la kawaida kabisa: chombo cha kuzungumzia kisiwekwe karibu na chombo cha kutolea sauti, kwa maana sauti itokayo itaingia tena, itakuzwa tena, itatoka tena, na mwisho wake ni mlio mkali unaoumiza masikio na kuunguza koili. Mtafsiri mwaminifu, mwenye kamusi mbili mezani, aweza kuandika: "Weka kipaza sauti mbali na kipaza sauti." Sentensi hii haina kosa la sarufi. Kila neno lake limo katika kamusi. Lakini haina maana yoyote kwa binadamu.

Mfano wa pili ni wa sheria. Tuseme halmashauri imetunga sheria ndogo inayomruhusu ofisa kukamata "vipaza sauti" vinavyotumika kupita saa zilizowekwa. Ofisa amefika kwenye shughuli ya usiku. Achukue kipi? Akichukua chombo cha kuzungumzia, muziki utaendelea. Akichukua makasha ya spika, wakili atauliza kama makasha yaliyo tupu, yasiyo na umeme, yanapaza nini. Akichukua sanduku la katikati, mwenye mali atasema kuwa hilo linaitwa amplifaya na sheria haikulitaja. Ugomvi utakuwa juu ya neno, ilhali jirani asiyelala angali halali.

Mafundi walikwisha kulitatua jambo hili zamani. Wao husema maiki, amplifaya na spika, na hakuna anayekosea. Kuna watakaosema kuwa spika si neno la heshima, tena linagongana na Spika wa Bunge. Hatuoni uzito wa hoja hiyo. Kiswahili kina ulinzi wake katika upatanisho: Spika amefungua kikao, spika imeungua. Hakuna msikilizaji atakayedhani kuwa kiongozi wetu ameungua koili. Lakini vipaza sauti viwili, vyote vikiwa katika ngeli moja ya ki-/vi-, havina ulinzi huo. Sarufi haiwezi kumwokoa mtafsiri hapo.

Sauti ya juu na sauti ya chini

Neno sauti lenyewe linabeba mizigo mingi. Ni kile kisikiwacho. Ni koo la mwanadamu. Ni kiasi cha ukubwa, kama tusemapo "ongeza sauti". Ni nafasi ya mwimbaji katika kwaya, sauti ya kwanza hadi ya nne. Na ni kura au kauli ya mwananchi. Wingi wa maana si kasoro. Kasoro hutokea pale maana mbili zinapokutana katika kazi moja.

Hilo latokea katika maneno juu na chini. Mwalimu wa kwaya akisema "sauti ya juu", ana maana ya sauti nyembamba, kama ya mtoto. Jirani akilalamika juu ya "sauti ya juu", ana maana ya sauti kubwa. Katika vyombo vya sauti mambo haya mawili hupimwa kwa vipimo viwili tofauti kabisa. Wembamba au uzito wa sauti hupimwa kwa hezi, yaani idadi ya mitetemo katika sekunde moja. Sikio la kijana husikia tangu kama 20 hadi kama 20,000. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Ngoma nzito ya sabufa yaweza kuwa ya hezi 50, nayo ikawa "chini" kwa mwanamuziki na "juu" mno kwa anayetaka kulala. Kinachomsumbua huyo wa pili mara nyingi ndicho hicho kilicho chini, kwa maana sauti nzito hupenya kuta ambazo sauti nyembamba haziwezi kuzipenya.

Hapa tena lugha ya mitaani imetutangulia. Watu wa Dar es Salaam husema sauti nzito na sauti nyembamba wanapozungumzia hezi, na sauti kubwa na sauti ndogo wanapozungumzia desibeli. Wamekwenda mbele zaidi wakasema "muziki mnene", wakiwa na maana ya muziki wenye sauti nzito ya kutosha, iliyojaa, isiyopasuka. Sisi twaona kuwa jozi hizi mbili, yaani nzito na nyembamba, kubwa na ndogo, zafaa kusanifiwa kama zilivyo, na kwamba juu na chini ziachiwe walimu wa muziki. Waandishi wa kanuni waziepuke kabisa.

Kuhusu hezi, twaongeza neno moja. Hapa tunatumia masafa, na wengine huandika marudio, na wengine frikwensi. Masafa yalikuja kwa njia ya redio: masafa mafupi, masafa ya kati. Humo yalikuwa na maana ya urefu wa wimbi, si idadi ya mitetemo, na mambo hayo mawili huenda kinyume: wimbi likiwa refu, mitetemo ni michache. Mwanafunzi aambiwaye kuwa redio ya "masafa mafupi" ina "masafa makubwa" ana haki ya kufunga daftari. Kwa hiyo marudio ndilo neno tunalolipendelea kwa idadi ya mitetemo, nayo masafa yabaki kwa jina la mikanda ya redio, ambamo yamekwisha kuzoeleka.

Istilahi za viungo vya ndani

Tukifungua kikuza sauti tunakuta transfoma, daiodi, kapasita, transista na visanduku vidogo vya sakiti. Maneno haya yameingia kwa mlango wa utohozi, nayo yametulia. Hatuoni haja ya kuyafukuza. Tulijaribu kuyafukuza mengine yakarudi: tarakilishi iliundwa kwa ustadi wa tarakimu na akili, lakini katika ofisi za Tanzania wanasema kompyuta, rununu ilipendekezwa, wananchi wakachagua simu ya mkononi. Sabufa nayo, iliyoondolewa konsonanti zilizomshinda Mswahili, sasa ni neno letu kama meza.

Lakini utohozi una deni lake, na deni hilo ni maelezo. Neno kapasita halimwambii asiyejua jambo lolote. Katika kikuza sauti, kapasita kubwa za sehemu ya umeme hujaza chaji kama tangi lijazavyo maji. Chombo kikizimwa na waya ukichomolewa, chaji yaweza kubaki humo kwa muda, nayo katika vyombo vikubwa, hasa vile vya valvu, yatosha kuua. Mtu aliyefundishwa kuwa "chombo kilichochomolewa hakina umeme" amefundishwa uongo. Kamusi inayoandika tu "kapasita: kifaa cha umeme" imelipa senti moja katika deni la shilingi. Twashauri kila fasili ya neno hili itaje kwamba kifaa hiki hutunza chaji hata baada ya umeme kukatwa. Hiyo ni fasili sahihi kielimu, na ni onyo pia.

Lipo pia suala la ukinzani. Spika huandikwa nyuma yake "omu 8" au "omu 4". Vitabu vya sayansi vimezoea kusema kuwa omu ni kipimo cha ukinzani, na mwanafunzi huamini. Lakini akichukua mita na kuipima spika ya omu 8, ataona kama 6. Ataidhania mbovu, naye aweza kuitupa spika nzima. Sababu ni kwamba mita hupima ukinzani wa waya kwa mkondo usiogeuka, ilhali nambari iliyoandikwa inahusu kizuizi kinachoukuta mkondo wa muziki, unaogeuka na kubadilika kila mara. Hayo ni mambo mawili, nasi tumeyapa jina moja. Twapendekeza ukinzani ubaki kwa lile la kwanza, na uzuizi utumike kwa lile la pili.

Jambo hili si la nadharia. Mtu aungaye spika mbili za omu 8 kwa mfuatano hupata omu 16. Akiziunga kwa sambamba hupata 4. Akiunga nne kwa sambamba hupata 2. Kila omu zinapopungua kwa nusu, kikuza sauti hudaiwa mkondo mara mbili, na kile kilichoundwa kwa omu 8 huungua. Mfuatano na sambamba ni istilahi nzuri. Mtoto anaziona kwa macho katika mstari wa wanafunzi na katika reli za garimoshi. Tatizo ni kwamba huishia darasani. Barazani watu husema maneno ya Kiingereza yaliyovunjika, kwa sababu sayansi ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza na aliyeishia darasa la saba hakupata nafasi ya kukutana na uzuizi wa aina yoyote. Mwalimu wa shule ya msingi, ambaye hufundisha kwa Kiswahili tangu 1967, ndiye anayeweza kuliziba pengo hili.

Neno la mwisho katika sehemu hii ni nguvu. Makasha ya dukani huandikwa wati kwa maelfu, na muuzaji husema yana nguvu. Vitabu vya fizikia vimetenga kani, nishati na nguvu, nasi twavipongeza. Ila mteja aelezwe pia kuwa wati mara mbili si sauti mara mbili. Ukizidisha wati mara mbili, umeongeza desibeli 3 tu. Ili sikio lione kuwa sauti imekuwa kubwa mara mbili, aghalabu huhitaji wati mara kumi. Fundi wa Kunduchi anayesema kuwa kasha zuri na spika nzuri hushinda wati nyingi, amesema kweli.

Hazina ya majina ya hitilafu

Tumelaumu vya kutosha, sasa tusifu. Mahali ambapo Kiswahili kina utajiri usio na mfano ni katika majina ya ubovu wa sauti. Chombo huvuma, hukoroma, hukwaruza, hutatarika, hulia, hupasua, hunguruma, hutetema. Mtafsiri mvivu huyakusanya yote akayaita "kelele". Hapo huua maarifa, kwa sababu kila tendo ni dalili ya ugonjwa wake.

Mvumo usiokoma, hata muziki ukizimwa, hutoka katika umeme wa nyumba, ambao mkondo wake hugeuka kwa marudio 50 kila sekunde. Fundi mzoefu husikia tofauti kati ya mvumo wa 50, unaoingia kwa waya mbaya au muungano mbaya wa ardhi, na mvumo wa 100, unaotoka katika kapasita zilizochoka. Mkwaruzo wakati wa kuzungusha kitufe ni vumbi ndani ya kitufe. Mtatariko wa ghafla ni lehemu iliyopasuka. Kukoroma kwa sauti nzito ni utando uliochanika au koili inayogusa sumaku. Kupasua ni kikuza sauti kilichodaiwa kuliko uwezo wake, kikakata vilele vya mawimbi. Na hicho ndicho kiunguzacho spika ndogo za sauti nyembamba.

Twapendekeza nomino zitokanazo na vitenzi hivi ziingizwe katika orodha sanifu kila moja kwa maana yake: mvumo, mkoromo, mkwaruzo, mtatariko, mpasuko. Na ule mlio mkali wa sauti kurudi katika chombo cha kuzungumzia tuuite mrejeo. Usiitwe mwangwi, kwa maana mwangwi ni sauti iliyogonga ukuta ikarudi masikioni. Wala usiitwe mrejesho, neno ambalo maofisi yamekwisha kulichukua kwa maana ya maoni ya kujibu.

Jina la kazi yenyewe

Limebaki swali ambalo tungeweza kuanza nalo. Tuwaite nini watu hawa wa Jumamosi na Jumapili? Kamusi hutupa uraibu kwa jambo ambalo mtu hulifanya kwa kulipenda. Lakini uraibu tangu zamani ni tambuu na tumbaku, na siku hizi magazeti hulitumia kwa dawa za kulevya. Ukimwita mwalimu mwenye kikuza sauti kizuri kuwa ni mraibu, umemvunjia heshima mbele ya mkewe na wanafunzi wake.

Neno lipo, nalo limo katika kurasa za michezo. Twasema ngumi za ridhaa na wachezaji wa ridhaa, tukiwa na maana ya watu wachezao kwa hiari bila malipo. Basi huyu ni fundi wa ridhaa, na kazi yake ni ufundi wa ridhaa. Neno halidharau ujuzi. Latenganisha tu kazi ya mapenzi na kazi ya mshahara. Kitendo chake tukiite kuunda, kitenzi cha waunda mashua. Kiswahili kimekwisha kuunganisha mambo haya katika neno chombo, ambalo kwa mvuvi ni jahazi na kwa fundi ni kifaa.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, twatoa mbele ya wasomaji, na mbele ya wenye mamlaka ya kusanifu, mapendekezo yafuatayo:

(i) Maikrofoni: chombo kigeuzacho sauti kuwa umeme.

(ii) Kikuza sauti, au amplifaya: chombo kiupacho nguvu umeme wa sauti.

(iii) Spika: chombo kigeuzacho umeme kuwa sauti, na kasha la spika ni sanduku lililoibeba.

(iv) Kipaza sauti: litumike katika lugha ya kawaida tu, kwa maana ya mtambo mzima. Lisitumike katika sheria, maelezo ya kiufundi wala mitihani.

(v) Sauti nzito na nyembamba zihusu marudio. Sauti kubwa na ndogo zihusu ukubwa.

(vi) Ukinzani na uzuizi vitenganishwe.

(vii) Majina ya hitilafu yakusanywe kutoka kwa mafundi kabla hayajapotea, na kila jina liandikwe pamoja na chanzo cha hitilafu yake.

Hitimisho

Utaratibu wetu wa kusanifu umetufundisha kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kama tulivyopata ngeli kwa Wahaya na ikulu kwa Wanyamwezi, ndipo tukope mbali. Utaratibu huo ni sahihi, lakini umesahau chumba kimoja cha nyumba yetu: karakana. Mafundi nao ni watumiaji wa Kiswahili, na lugha yao imejaribiwa kwa kipimo ambacho kamati haina. Neno bovu katika karakana huunguza transista siku iyo hiyo.

Mvuvi wa Kunduchi hakuridhika kuita mlingoti, foromali na mrengu kwa jina moja la "mti wa chombo", ingawa vyote ni miti. Alivipa kila kimoja jina, kwa sababu usiku, katika upepo, mwenzake aambiwapo ashike mlingoti asishike foromali. Nasi katika vyombo hivi vipya tunahitaji uangalifu wa namna hiyo. Tunawaomba watafsiri, walimu na maofisa wa serikali, kila watakapotaka kuandika "kipaza sauti", wajiulize kwanza: kipi?